Kuusikiliza Mwili

Mwili wa binadamu una namna nyingi za kusema. Husema kwa njaa, husema kwa uchovu, husema kwa homa, na mara nyingine husema kwa kichwa kinachogonga tangu alfajiri hadi jua kutua. Lakini haukupewa lugha iliyo wazi. Maumivu ya kichwa yaletwayo na kukosa maji ya kunywa huweza kufanana na yale ya macho dhaifu, na haya huweza kufanana na yale ya malaria inayoanza. Basi hapo ndipo penye swali ambalo nataka kulichungua pamoja na msomaji: mtu ana wajibu gani wa kuusikiliza mwili wake, na wajibu huo hukoma wapi? Wako wasiousikiliza kabisa mpaka ukaanguka. Wako pia wausikilizao mchana na usiku, hata wasisikie kitu kingine chochote. Mimi nimewahi kuwa miongoni mwa hawa wa pili. Kwa hiyo nitaanza na habari yangu mwenyewe. Haina ajabu yoyote, ila naijua vizuri kuliko habari za watu wengine.

Mwezi wa Februari 2023 nilishikwa na maumivu ya kichwa. Yalianzia kisogoni, yakapanda polepole mpaka kwenye panja, yakakaa hapo. Nilikuwa nikisahihisha madaftari hadi usiku wa manane, nikadhani ni uchovu tu. Nikanunua vidonge vya kutuliza maumivu, nikameza viwili, kichwa kikapoa. Kesho yake kikarudi, nami nikameza tena. Hali ikaendelea hivyo mpaka ikawa desturi. Vidonge vikakaa katika mfuko wa koti pamoja na chaki. Mwezi wa Mei ukazuka mlio katika sikio la kushoto, mlio mwembamba kama wa nyenje. Mchana, katika kelele za darasa, haukusikika. Usiku, watu walipokwisha kulala, ulijaa chumba kizima. Hapo ndipo nilipomkumbuka baba yangu mdogo.

Baba mdogo alikuwa mkulima mwenye nguvu, mtu wa kubeba gunia peke yake na kucheka akilitua. Hakupata kulalamika kichwa wala kifua. Mwaka 2011, akiwa na umri wa miaka 51, alianguka shambani jembe likiwa mkononi. Mdomo ulikwenda upande, mkono wa kulia haukuinuka tena, na siku ya nne akafariki. Hospitalini tuliambiwa kwamba ni kiharusi, na kwamba yamkini presha yake ilikuwa juu kwa miaka mingi bila ya yeye kujua. Wahenga walisema kuwa aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi nilikuwa nimeuona ung'ongo.

Nikaenda mjini katika duka la dawa kupimwa. Nilikwenda kwa miguu, mbio mbio, jua kali, roho mkononi. Mwuzaji alinifunga mkanda wa mashine kabla sijakaa vizuri. Mashine ikasoma 158 juu na 96 chini. Akatikisa kichwa, akasema, "Mwalimu, chunga," kisha akamgeukia mnunuzi mwingine. Maneno mawili tu! Sijui kama aliyakumbuka jioni ile alipofunga duka. Mimi niliyachukua nyumbani, nikala nayo, nikalala nayo.

Nikanunua mashine yangu mwenyewe. Nilipima kabla ya chai, nikapima baada ya chai, nikapima wakati wa mapumziko nikiwa nimejifungia katika chumba cha vitabu, nikapima usiku mke wangu akiwa jikoni. Ikisoma 150 nilipima tena ili nipate tarakimu ndogo zaidi. Nayo ikasoma 161. Basi nikapima mara ya tatu huku natetemeka. Siku moja nilipima mara 14. Mtoto wangu alipokuja kukaa pajani nilimpakata, lakini kidole changu kilikuwa juu ya mshipa wa mkono, nikihesabu.

Neno letu wasiwasi limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni mnong'ono. Nimelifikiri sana neno hili tangu wakati ule. Hofu ya kweli hupiga kelele: simba yule, kimbia! Wasiwasi haupigi kelele. Hukaribia sikio na kuuliza kwa upole, Je, una hakika? Na kwa kuwa hakuna mtu aliye na hakika ya uhai wake hata wa kesho, swali hilo halikosi kumpata. Mwenye wasiwasi hujibu, kisha huulizwa tena, na kila jibu huwa fupi kuliko lililotangulia.

Nitaeleza sasa jambo ambalo si la kunipa sifa. Katika darasa la kidato cha pili palikuwa na msichana mmoja mtulivu. Alinijia mara tatu katika muhula ule. Mara ya kwanza alisema, "Mwalimu, kichwa kinaniuma kila siku tukifika somo la tatu." Nikamwambia anywe maji. Mara ya pili nikamwambia apumzike. Mara ya tatu sikumbuki nilimwambia nini, kwa maana nilikuwa nasikiliza sikio langu. Aliyemsikia ni mwalimu mwenzangu, mama mmoja wa somo la hesabu, ambaye alimwona akinakili kutoka daftari la jirani, akamwuliza kwa nini hasomi ubaoni. Haoni ubao, ndilo lililokuwa jambo lote. Alikuwa akikaza macho tangu asubuhi, na kufikia somo la tatu kichwa kimeshindwa. Msichana yule alikuja na maneno yale yale niliyokuwa nayo mimi, kichwa kinauma, na alikuja kwa mtu ambaye kwa miezi minne hakufikiri jambo jingine ila maumivu ya kichwa. Yapasa mtu wa namna hiyo awe bingwa wa kumwelewa. Mimi nilikuwa wa mwisho kumwelewa.

Kabla ya hapo nilidhani kwamba wasiwasi wa maradhi ni mateso ya mtu binafsi, na kwamba akiamua kuteseka hamdhulumu mtu. Sidhani hivyo tena. Usikivu wa mtu ni kama maji ya mtungi: akimwaga yote mahali pamoja, wengine watakuta mtungi mkavu. Simlaumu mgonjwa kwa kuugua, wala simlaumu mwenye hofu kwa kuogopa, maana hofu haiombi ruhusa ya kuingia. Lakini ikiisha kuingia na kukaa, ina gharama, na gharama hiyo hulipwa na watoto, na wanafunzi, na mke aulizwaye jambo lile lile kila usiku.

Mke wangu ndiye aliyekata shauri. Usiku mmoja alisimama mlangoni, akasema, "Baba watoto, hiyo mashine inalia mara ngapi kwa usiku mmoja?" Sikuwa na jibu la heshima. Asubuhi tulikwenda pamoja katika zahanati.

Tabibu aliyetupokea alikuwa mama wa makamo, asiye na haraka. Nilimnyoshea mkono apime. Akasema, "Mwalimu, kaa kwanza. Sipimi mtu anayekimbia." Akaniketisha dakika tano kwenye kiti chenye mgegemeo, miguu yote miwili chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na mdomo umefungwa. Ndipo akapima. Mashine ikasoma 142 juu na 90 chini. Akapima tena baada ya dakika mbili, ikawa imeshuka kidogo. Nilistaajabu, kwa sababu nilidhani kwamba presha ya mtu ni kitu kama urefu wake, kilichopimwa leo ndicho kitakachopimwa kesho.

Kumbe sivyo. Presha ni msukumo wa damu juu ya kuta za mishipa, nayo haikai mahali pamoja. Mwaka 1733 kuhani mmoja wa Uingereza, Stephen Hales, alichapisha habari za jaribio lake. Aliingiza bomba katika mshipa wa farasi jike, akaliunganisha na mrija mrefu wa kioo uliosimamishwa wima, na damu ikapanda katika mrija huo zaidi ya futi nane, ikipanda na kushuka kwa kila pigo la moyo. Njia hiyo haikumfaa mgonjwa aliye hai na anayetaka kubaki hai. Mwaka 1896 Scipione Riva-Rocci wa Italia alitengeneza mkanda wa kufunga mkononi uliounganishwa na safu ya zebaki, na mwaka 1905 Nikolai Korotkov wa Urusi akaeleza jinsi ya kusikiliza kwa chombo cha tabibu damu inapoanza kupita tena chini ya mkanda, na inapoacha kusikika. Kwa hiyo tarakimu mbili tusomazo leo ni za kilele na bonde la wimbi moja, na wimbi hilo hubadilika mtu akipanda ngazi, akinywa kahawa, akikasirika, au akiogopa. Mtu akiogopa, mwili humwaga katika damu vitu vya kuuharakisha moyo na kuibana mishipa, kama kwamba kuna adui wa kukimbiwa. Matabibu wanajua kabisa kwamba wako watu ambao presha yao hupanda kwa sababu tu wamemwona mpimaji.

Zingatia ubaya wa hali hiyo. Mwenye hofu huiuliza mashine kama hofu yake ni ya haki. Hofu yenyewe huipandisha tarakimu. Na tarakimu hiyo hurudi ikiwa shahidi. Mshtaki na shahidi ni mtu mmoja, naye amebadilisha kofia tu.

Tabibu aliangalia sikio langu kwa taa, akacheka kidogo, akasema lina nta ya kutosha mshumaa. Akaweka matone ya kuilainisha, na siku ya tatu akaisafisha kwa maji ya uvuguvugu. Mlio ukapungua lakini haukwisha. Akaniambia nisiuwinde usiku, kwa sababu ukimya na usikivu huulisha. Baadaye nilisoma kwamba mwaka 1953 watafiti wawili wa Marekani, Heller na Bergman, waliwatia watu 80 wenye masikio mazima katika chumba kisichopenya sauti, mmoja mmoja, wakawaomba waeleze wanachosikia. Zaidi ya 9 katika kila 10 walisikia milio: mvumo, kengele, nyenje. Kumbe nyenje huyu yumo katika masikio mengi, ila si wengi wanaokaa gizani kumngoja.

Juu ya kichwa, aliniuliza nimemeza vidonge kwa muda gani. Nilipomwambia, akaweka kalamu chini. Akanieleza kwamba dawa ya kutuliza maumivu ikimezwa siku nyingi za kila mwezi, kwa miezi kadhaa, huweza yenyewe kuzaa maumivu ya kichwa. Nikawa kama mtu anayezima moto kwa kumwagia mafuta ya taa, na kila moto ukipanda huongeza.

Mwisho alinipa daftari dogo. Nipime asubuhi mara mbili na jioni mara mbili kwa siku saba, nimeketi kama alivyoniketisha, niandike, na nisipime wakati mwingine wowote. Siku saba zilipokwisha alitoa ile ya kwanza, akatafuta wastani wa zilizobaki: 137 juu na 88 chini. Nilitabasamu, kwa kuwa nilikuwa nimejitayarisha kuambiwa ama nitakufa ama nimejisumbua bure. Hakusema hata moja. Akasema kwamba kwa vipimo vya nyumbani mpaka ni 135 kwa 85, na kwamba yangu imepanda kidogo, lakini imepanda kweli.

Nikamwuliza, "Basi, Mama, yale niliyoyasikia yalikuwa ndiyo?"

Akajibu, "Uliyoyasikia yalikuwa nta na vidonge. Presha yako, Mwalimu, haijasema neno hata moja."

Jibu hili lilinipindua fikira. Nilikuwa nimeogopa presha, na presha nilikuwa nayo. Hata hivyo nilikosea katika kila hatua ya kuifikia. Kichwa changu hakikuwa dalili yake, wala sikio, wala yale mapigo ya mkononi. Aghalabu presha iliyopanda haimpi mtu ishara yoyote, na kwa sababu hiyo huharibu mishipa na moyo na mafigo kwa miaka mingi mwenyewe akiwa anachapa kazi. Hapo nikamwona baba mdogo upya. Nilikuwa nimedhani kwamba mimi na yeye ni watu wa pande mbili: yeye shujaa asiyejali mwili, mimi mwoga aujaliye kupita kiasi. Sasa naona kuwa tulikuwa na imani moja. Yeye alisema, sisikii kitu, basi ni mzima. Mimi nilisema, nasikia kitu, basi nakufa. Sote wawili tulimkubali shahidi mmoja, yaani hisia, tukamkataa kipimo. Yeye kwa kutopima kabisa, mimi kwa kupima mara 14, ambako si kupima.

Na baba mdogo hakuwa peke yake. Mwaka 2015 ulifanywa uchunguzi wa watu wazima katika Kenya nzima. Karibu mmoja katika kila wanne alikutwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu walioulizwa hawakuwa wamepata kupimwa presha hata mara moja katika maisha yao. Kwa hiyo naona haya kuwahubiria wananchi kwamba wasijali miili yao mno. Walio wengi wanahitaji hubiri la kinyume. Wachache walio kama mimi wanahitaji lingine. Shida ni kwamba mahubiri haya mawili hukosea nyumba: mwenye kiburi husikia "usiogope" akafurahi, na mwenye hofu husikia "nenda ukapimwe" akaenda kwa mara ya 15.

Pengine msomaji atasema kwamba dawa ya mwenye hofu ni kuchekwa. Watu wamejaribu dawa hiyo zamani. Mwaka 1673 Molière, bingwa wa michezo ya kuchekesha wa Ufaransa, alitunga mchezo juu ya mtu anayejidhania mgonjwa, na yeye mwenyewe akauigiza. Siku ya onyesho la nne, tarehe 17 Februari, alishikwa na maradhi jukwaani akiigiza mtu asiye mgonjwa, akafa usiku ule ule, kwa maana alikuwa na ugonjwa wa kweli wa kifua. Sitoi kisa hiki kumtisha mtu. Nakitoa kwa sababu ya wale wanaocheka. Mwenye hofu naye huweza kuugua, na mtu aliyechekwa mara tatu hataisema dalili ya nne.

Tena ziko dalili zisizongoja mjadala, na itakuwa dhambi kuzungumza habari hizi nisizitaje. Kichwa kinachopasuka ghafula kwa maumivu ambayo mtu hajapata kuyaona. Mdomo kwenda upande, mkono kulegea, ulimi kuwa mzito. Macho kuingia giza. Homa pamoja na shingo iliyokakamaa. Sikio kuziba na kutosikia ghafula. Maumivu ya kichwa baada ya kuanguka au kupigwa. Hayo yote ni ya kupelekwa hospitali saa ile ile, bila ya kushauriana na shangazi. Hapa hofu ina kazi yake, na ikipiga kelele na isikilizwe.

Ugumu uko kwenye yale mengine, yaliyo madogo na ya kila siku, ambayo huweza kuwa kitu na huweza kuwa si kitu. Kwa hayo, mimi naona wajibu wa mtu ni kuuliza mara moja kwa anayejua, kuuliza vizuri, na kukaa na jibu kwa muda uliopangwa. Kukaa na jibu ndiko kugumu, maana hakuna tabibu anayeweza kumwapia mtu kwamba hatakufa. Nilipomwomba yule mama anihakikishie kuwa sitapata kiharusi, alinitazama, akasema hawezi kujihakikishia hilo hata yeye mwenyewe. Wakati ule nilimwona mkali. Lakini nilikuwa nikimdai kitu kisicho mkononi mwake wala mwa mtu yeyote, na kwa ajili ya kitu hicho nilikuwa nimeacha watoto wa watu wakikaza macho mbele yangu. Alichoweza kunipa alinipa: kidonge kimoja kidogo kila jioni, chumvi isiyozidi kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima pamoja na ile iliyokwisha kutiwa katika chakula, mwendo wa nusu saa kwa miguu, na tarehe ya kurudi.

Nililipa zaidi kwa vile vidonge vya maumivu. Kuviacha kulileta siku kumi za kichwa kibaya kuliko vyote vilivyotangulia, na kila siku mnong'ono uliniuliza swali lake. Siku ya 11 nilifundisha vipindi vinne, nikafika nyumbani kabla sijakumbuka kwamba nina kichwa.

Mashine sasa iko juu ya kabati, na mke wangu ndiye aitoaye, Jumapili asubuhi. Sikio la kushoto bado lina nyenje wake. Yule msichana alipata miwani kabla ya muhula kwisha, akahamia dawati la mbele. Nilimwita siku moja baada ya somo, nikamwomba radhi. Alishangaa, akasema kwamba maji niliyomwambia anywe yalimsaidia kidogo.